Haki ya Anayerudishiwa Umeme Mwisho

Dhoruba ya barafu iliyoipiga Quebec, nchini Kanada, Januari 1998, haikuja na upepo mkali wala theluji nyingi. Ilikuwa mvua. Ilinyesha kwa vipindi siku kadhaa huku hewa ya karibu na ardhi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, ikawa inaganda kila ilipotua. Nyaya zikalemewa na barafu, minara ya chuma ikakunjika, nguzo za mbao zikaanguka kwa maelfu. Zaidi ya watu milioni 3 walikosa umeme katikati ya majira ya baridi. Kusini mwa Montreal, kati ya Saint-Hyacinthe, Granby na Saint-Jean-sur-Richelieu, eneo lililoitwa pembetatu ya giza, wapo waliokaa takriban mwezi mzima. Mafundi walitoka kila upande, hata Marekani, na jeshi likawasaidia. Hata hivyo hawakuweza kuwa kila mahali kwa wakati mmoja, na hapo ndipo linapozaliwa swali la haki: nani atangulie, nani asubiri?

Sehemu ya jibu hutolewa na mfumo wenyewe wa umeme. Nyumba haiwezi kuwaka kabla njia ya msongo mkubwa na kituo cha kupozea umeme havijatengenezwa, hata mwenye nyumba awe nani. Hospitali na mitambo ya maji nayo hutangulizwa bila ubishi; Montreal ilikaribia kuishiwa maji mitambo ya kusafishia ilipokosa umeme. Ugumu uko kwenye laini ndogo. Kundi moja la mafundi linaweza kuutumia mchana wake kuwasha mtaa wa nyumba mia tano, au kusimamisha nguzo zinazoelekea nyumba mbili za mashambani. Desturi ya mashirika ya umeme ni kuanza na mia tano.

Mwaka 1977 mwanafalsafa wa Marekani, John Taurek, aliishambulia hoja ya wingi. Maumivu ya watu, alisema, hayajumlishwi, kwa kuwa hakuna mtu anayeyabeba yote kwa pamoja. Kila mmoja huumia kwa kiasi chake. Ikiwa dawa inatosha kumwokoa mmoja au watano, yeye angerusha sarafu ili wote wapate nafasi sawa. Mwanafalsafa mwenzake T. M. Scanlon, katika kitabu chake cha mwaka ule ule wa dhoruba, 1998, alijibu kwamba kila anayeongezeka upande mmoja ana dai lake mwenyewe. Uamuzi ukibaki vile vile kana kwamba hayupo, mtu huyo amepuuzwa.

Kwa siku ya kwanza ya giza, Scanlon yuko sahihi. Lakini umeme si dawa ya mara moja. Anayekosa leo anaweza kupata keshokutwa, na katika kusubiri huko hasara yake haibaki pale pale: kuni hupungua, mabomba hupasuka kwa kuganda, mzee aliyevumilia usiku mmoja huenda asivumilie wa kumi. Kuhesabu nyumba bila kuhesabu siku ambazo kila nyumba imekaa gizani ni kuhesabu nusu. Tena, kanuni ya wingi humwangusha mtu yule yule kila dhoruba, yaani anayeishi mwisho wa laini. Sarafu ya Taurek, kwa udhaifu wake wote, ingempa nafasi ya kutangulia siku moja. Kwa hiyo anayewekwa nyuma kwa manufaa ya wengi anawadai wengi hao: kuni, makazi yenye joto, jenereta, na mtu wa kubisha hodi kumjulia hali. Si hisani hiyo, ni deni.

Fikra za Kiislamu zina kipimo kinachofaa hapa, nacho ni faradhi ya kifaya, wajibu ambao wakiutimiza wenye uwezo, jamii yote husalimika, na ukiachwa, wote hupata dhambi. Mwanazuoni Al-Ghazali aliingiza humo tiba, hesabu na kazi za mikono kama kilimo na ufumaji, kwa sababu maisha hayasimami bila hizo. Katika baridi ya kuua, kurudisha umeme ni wajibu wa namna hiyo hiyo, na haujatimia mtaa wa nyumba mia tano unapowaka. Unatimia nyumba ya mwisho inapopata.

Fundi anayepanda nguzo yenye barafu huubeba wajibu huo kwa niaba ya wote, naye anawadai wote ulinzi. Jenereta ya nyumbani ikiunganishwa bila kutengwa na laini ya mtaa, umeme wake hurudi kinyumenyume kupitia transfoma, ukapandishwa msongo, na huweza kumuua fundi anayedhani waya umekufa. Kuitenga jenereta hiyo ni sehemu ya faradhi hiyo hiyo, na humhusu hata yule aliyesubiri kuliko wote.