Machela na Mabega: Je, Yuko Ajibebaye Mwenyewe?

Habari za kujitegemea zimekaa sana vinywani mwetu sisi walimu. Twazifundisha darasani, twawapa wanafunzi insha juu yake, na tunapotaka kumsifu mtu twasema kwamba hakupata kumwelemea mwenziwe. Sifa hiyo ni njema, wala hatukusudii kuipunguza. Ila ndani yake limo swali ambalo aghalabu hatuliulizi: je, yuko mtu asiyebebwa? Na ikiwa hayuko, kubebwa kupi ni halali, na kupi ni dhuluma? Katika makala haya twataka kulitazama swali hilo kwa kukifuata chombo kimoja kisicho na makuu, yaani machela, ambacho siku hizi wasafiri wa milimani wamezoea kukitundika msituni na kulala ndani yake.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Machela katika Kiswahili ni kitambaa, turubai au wavu unaoning'inizwa, hasa kwa kumbebea mgonjwa au msafiri. Neno hilo ni ndugu wa machila, lililotumiwa na Wareno wa Msumbiji. Nao Wataino wa visiwa vya Karibi, walipofikiwa na Columbus mwaka 1492, walikuwa wakilala katika nyavu zilizofungwa huku na huku, wakiziita hamaca; jina hilo likaingia katika Kihispania, na kutoka huko katika lugha nyingi za Ulaya. Mabaharia wakakipenda kitanda hicho, kwa kuwa hakimtupi mtu sakafuni merikebu inapoyumba. Hivyo chombo hiki kina maisha mawili. Kikifungwa baina ya miti miwili iliyosimama, ni kitanda. Kikifungwa kwenye mti mmoja uliolazwa juu ya mabega ya watu, ni kipando. Kitambaa ni kilekile, na alalaye aweza kuwa ni yuleyule. Kinachobadilika ni kile kimshikacho.

Tuyaanze maisha yake ya kitanda. Huko Marekani, katika mpaka wa majimbo ya Tennessee na North Carolina, iko Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, iliyoanzishwa mwaka 1934. Watu huingia humo kwa miguu, kila mmoja na shanta lake mgongoni, wakakaa siku kadhaa bila kuona duka wala nyumba. Katika shanta mna chakula, nguo, chombo cha kupikia, na turubai la kuzuia mvua. Wengi wao wameacha hema na kuchukua machela, kwani ardhi ya mlimani imeinama, imejaa mizizi na mawe, nayo hulowa upesi, ilhali miti haikosekani. Jioni wakikitundika chakula juu, dubu wasikifikie, na wakajitundika wenyewe pia, hujiona kuwa watu huru kweli kweli. Nyumba yao i mgongoni, kama ya konokono. Hawakumwomba mtu kitu.

Lakini na tumtazame mtu huyo akiisha kulala. Uzito wake haukutoweka, bali umehamia kwenye miti miwili. Tena haukuhamia nusu kwa nusu, kama mtu angalivyodhani. Kamba zikiteremka kwa pembe ya digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, kila upande huvutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wote wa mlalaji: mtu wa kilo 70 huvuta mti wa kichwani kama kilo 70, na wa miguuni vilevile. Mgeni wa machela huogopa ule mbonyeo, akataka kulala amenyooka kama kitandani kwake, basi huzikaza kamba. Akizikaza hata zikabakiwa na digrii 10 tu, kila mti huvutwa kwa kilo 200. Akiziacha na digrii 5, ni kilo 400. Mzoefu hafanyi hivyo. Huyaacha machela yalegee, kisha hulala mshazari, na mgongo wake hunyooka bila kuuonea mti.

Hesabu hiyo ni ya elimu ya nguvu na mizani, wala haikutungwa kwa ajili ya mawaidha. Hata hivyo yatuonyesha jambo ambalo vitabu vya adabu vimelieleza kwa maneno mengi. Kadiri mtu anavyotaka kusahau kwamba anashikwa, akalala kama aliye chini, ndivyo anavyozidi kuwaelemea wamshikao. Na yeye mwenyewe hahisi chochote, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mti, nao, hauna ulimi. Kamba nyembamba ikiukaza hulikata gome, na chini ya gome ndipo ipitapo njia ya chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Jeraha likiuzunguka mti wote, mti hufa, ingawa msafiri alikwisha kwenda zake zamani. Ndiyo maana watu waangalifu hutumia mikanda mipana badala ya kamba. Ndiyo maana pia hifadhi tuliyoitaja imeweka sheria: machela yatundikwe ndani ya maeneo ya kambi yaliyotengwa tu, wala yasifungwe ndani ya vibanda vya wasafiri au kwenye nguzo zake. Sheria hapa ni ulimi wa kile kisichoweza kukataa. Huyo ajiitaye huru amelala, basi, mikononi mwa miti, na miti imo mikononi mwa sheria, na sheria ilitungwa na watu asiowajua.

Mlima wetu jirani watupa nusu nyingine ya swali. Rwenzori, katika mpaka wa Uganda na Kongo, ulifanywa hifadhi ya taifa upande wa Uganda mwaka 1991, ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Wasafiri wa huko kwa kawaida hulala vibandani, kwa kuwa mvua na baridi ni kali, na juu ya mianzi miti imara huadimika. Hatudai kwamba machela ni desturi ya Rwenzori. Tunalolitazama huko ni shanta. Mgeni apandapo kuelekea kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, aghalabu hutembea na kifurushi kidogo tu. Kitanda chake, chakula chake na kuni za moto wake vimetangulia juu ya migongo ya wapagazi, wengi wao Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo. Mtawala wa Abruzzi, Mwitalia aliyekifikia kilele hicho mwaka 1906, alifika na msafara mkubwa wa wapagazi. Milima sita mikuu ya safu hiyo ikapewa majina ya Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Hakuna hata mmoja uliopewa jina la mpagazi.

Nasi twajua kwamba si shanta peke yake lililobebwa. Katika bonde la Zambezi na katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, maofisa na wafanyabiashara wa Kizungu walisafiri wakiwa wamelala katika machela, huku wanaume wakipokezana mti mabegani. Katika Kongo ya Wabelgiji kilikuwako kiti cha kubebwa, tipoye. Wala tusijidanganye kwamba ubwana huo uliletwa na wageni tu: katika Rwanda ya wafalme, wakubwa nao walibebwa mabegani. Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ambapo jeshi la Waingereza lilikusanya wapagazi wengi mno wa Afrika ya Mashariki, wengine kwa nguvu, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limesalia katika midomo yetu: ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Watu waendao huko kununua mchicha na vitambaa hutamka kila siku jina la hao waliobebeshwa mizigo hata wakafa.

Mtu akiisha kuyasikia hayo, aweza kusema: basi, kubebwa ni aibu, na mtu mwema na atembee kwa miguu yake. Sisi hatukubali. Na sababu ya kutokubali iko katika vilima vya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda.

Huko vilima ni virefu, na vijiji vingi vilikuwa mbali na njia ya gari. Mtu akishikwa na ugonjwa, au mama akishikwa na uchungu, majirani walimlaza katika engozi, machela ya kusukwa, wakamchukua mabegani hadi hospitalini, hawa wakichoka wale wakipokea. Kazi hiyo haikuachiwa huruma ya siku ile tu. Watu walijiunga katika vyama vya engozi, vyenye kanuni, michango na zamu, na asiyefika alipotakiwa alitozwa faini. Desturi hiyo ina nguvu hata leo, ingawa pikipiki na magari yamechukua sehemu kubwa ya kazi ya mabega. Mwaka 1996, hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya matibabu kwa wanakijiji, iliijenga juu ya vyama hivyo hivyo vya engozi, kwani watu walikwisha zoea kulipia mzigo kabla haujawafika.

Tena kuna jambo katika lugha za majirani ambalo yafaa walimu wenzetu walishike. Katika Kinyarwanda ingobyi ni machela ya kumbebea mgonjwa, na ingobyi pia ni kile ambacho mama humfungia mtoto mgongoni, ambacho Waswahili hukiita mbeleko. Katika Luganda nako engozi ni nguo ya kumbebea mtoto. Wazee waliotuachia maneno hayo hawakuona tofauti baina ya kubebwa kwa mwanzo wa maisha na kubebwa kwa siku ya udhaifu. Aliyeanza safari yake ndani ya ingobyi hawezi kusema kwamba hakuwahi kubebwa. Aweza tu kusema kwamba hakumbuki.

Sasa, ni nini kinachomtenga bwana wa machela na mgonjwa wa engozi, ikiwa wote wawili wamelala na wengine wanatembea? Wako watakaosema ni malipo. Lakini wachukuzi wa machela walilipwa pia, mara nyingi, na malipo hayakuwafanya kuwa huru. Nao wa engozi hawalipwi na mgonjwa wao. Sisi twaona tofauti iko katika zamu. Katika engozi, abebwaye leo alibeba jana, au mwanawe atabeba kesho, na kila abebaye ajua kwamba mti ule utakuja siku moja kumbeba yeye. Katika machela ya bwana, zamu ilikuwa ya wachukuzi peke yao. Walipokezana wao kwa wao, lakini bwana hakushuka akaweka bega.

Mtu ataweza kutupinga akisema: je, kilema asiyeweza kubeba kamwe? Je, ule mti wa msituni, ambao mlalaji hataubeba hata siku moja? Na mpagazi wa Rwenzori, ambaye mgeni wake atapanda ndege arudi kwao? Pingamizi hili ni zito, na jibu letu si kamili. Twasema tu kwamba zamu si lazima irudi kwa yuleyule. Mama hatarajii kubebwa mgongoni na mtoto wake mchanga, na mtoto akikua humbeba wake. Kilema aliyeketi nyumbani ameshika hesabu ya chama, au amewalea wabebaji. Asiyeweza kuuweka mti begani ana wajibu mwingine: kulala kwa namna isiyozidisha uzito. Ndivyo wahenga walivyosema, mbebwa hujikaza. Kwa msafiri, kujikaza ni kuchukua mikanda mipana na kuziacha kamba zilegee. Ni kupunguza shanta kabla halijawekwa juu ya mgongo wa mwingine, kulijua jina la aliyelichukua, kumlipa haki yake bila kumzungusha, na kukubali asemapo kwamba leo mvua ni kubwa, hatupandi. Pale ambapo mbebaji hana nafasi ya kusema neno hilo, kujikaza kwa mbebwa hakutoshi. Hapo pana haja ya sheria, kama ile iliyoisemea miti.

Kwa walimu wenzetu tungependa kuongeza jambo moja. Tufundishapo mnyambuliko wa vitenzi, tumezoea kutoa mifano mikavu. Na tukitwae kitenzi hiki: kubeba, kubebwa, kubebea, kubebesha, kubebana. Twawaomba wanafunzi watunge sentensi, kisha waulizane ni nani katika kila sentensi aliye juu ya mabega na ni nani aliye chini. Wataona wenyewe kwamba kauli ya kutendesha ina historia yake katika nchi zetu, na kwamba kauli ya kutendana haiwezi kusemwa na mtu aliye peke yake.

Nako kujitegemea, tulikoanza nako, tukufundishe kwa maana hiyo. Yule msafiri wa Great Smoky hakukosea kulibeba shanta lake mwenyewe. Alifanya vema, na wengi wetu tungefaidika tukimwiga. Kosa lingekuwa kudhani kwamba usiku ule hakuna aliyemshika. Kijiji cha Kigezi kilijitegemea kweli, kwa sababu hakikungoja gari la serikali. Na kila mtu ndani yake, kwa zamu yake, alibebwa.