Kazi Isiyoongeza Mwendo

Mwaka 1829 mhandisi Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis alilichukua neno la kila siku la lugha yake, kazi, akalifanya kipimo: kani mara umbali ambao kitu kimesogea kufuata kani hiyo. Kiswahili nacho kinatumia neno moja kwa kazi ya darasani na kazi ya kibarua. Je, tunazihukumu kwa haki moja?

Mtazame mchukuzi wa mkokoteni pale Kariakoo. Tuseme mkokoteni na mzigo vina kilo 200, naye anausukuma kwa kasi ile ile ya mita 1 kwa sekunde. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, yaani jouli 100. Barabara inamkinza kwa nyutoni 60. Akimaliza kilomita moja, amefanya kazi ya jouli 60,000. Msuguano nao umefanya hasi 60,000. Jumla ni sifuri. Mkokoteni una jouli 100 zile zile.

Kanuni inasema badiliko la nishati mwendo ni sawa na jumla ya kazi za kani zote. Haisemi kwamba mchukuzi hakufanya kitu. Ni sisi tunaosoma mstari wa mwisho wa hesabu, kisha tukamwambia mtu aliyesukuma miaka 20 kwamba hajitumi, kwa kuwa tunamkuta pale pale. Tunamkumbusha kuwa mchumia juani hulia kivulini, wakati alichochuma chote kimeishia kwenye kodi ya mkokoteni na mlo wa leo.

Utauliza: basi kila aliyekwama ana udhuru? Hapana. Anayesukuma ukuta hutoka jasho pia, na ukuta usiposogea, kazi aliyoufanyia ni sifuri. Jasho peke yake si ushahidi. Lakini hatuwezi kujua nani amelegea kabla hatujapima kinachomkinza.

Sasa ziba mashimo ya barabara, msuguano ushuke hadi nyutoni 30, naye asukume vile vile kwa nyutoni 60. Ndani ya mita 10 tu mkokoteni utaongeza jouli 300, zifike 400, na kasi itakuwa mara mbili. Mtu ni yule yule, na nguvu aliyotia ni ile ile. Nani basi alistahili kuhubiriwa juhudi: yeye, au aliyeacha mashimo?