Mbwa Koko Hajizai

Enyi watu wa Nkome, nawakaripia. Siwakaripii kwa ujinga, maana ninyi si wajinga. Mvuvi wa dagaa hapa anajua ni lini giza litampa kazi na ni lini mbalamwezi itaurudisha mtumbwi wake mchangani. Mchimbaji anayetoka duarani huko Geita huokota jiwe, hulipindua mara mbili, akakwambia kama lina kitu. Mama wa mwaloni hutazama wingu juu ya ziwa, akajua kama dagaa wake wataanuliwa wamekauka au watalala wamelowa. Mnasoma mwezi, mnasoma mwamba, mnasoma wingu. Kiumbe mmoja tu mmekataa kumsoma, naye analala mlangoni penu kila usiku akiwalinda: mbwa wenu jike.

Nasema mmekataa. Sisemi mmeshindwa.

Mnamwona anatoka damu, madume kumi nyuma yake, nanyi mnacheka. Wakinasana mnawaacha watoto wawarushie mawe. Miezi miwili baadaye kuna vitoto sita nyuma ya jiko. Madume wawili wanabakizwa kwa ajili ya ulinzi. Majike wanatiwa kwenye kiroba na kupelekwa jalalani usiku, ili mpelekaji asionekane. Aliyeponyoka kirobani anaishi kwa vichwa vya samaki, anakua, anapandwa, anazaa. Ndipo mnaitana barazani na kulia kwamba mbwa koko wamezidi!

Wamezidi kutoka wapi? Koko hajizai. Hakuna hata mmoja aliyeshuka na mvua wala kutupwa na mawimbi. Kila koko anayezurura mwaloni, yeye au mama yake, alizaliwa katika ua wa mtu, na huo ua una mwenyewe.

Nanyi mnaojiita wafugaji, mnaouza mbwa wa ulinzi kwa wenye maduka na wenye mashimo ya dhahabu, msijifiche nyuma ya mabanda yenu. Mnampandisha jike kwenye joto lake la kwanza, naye bado ni mtoto. Mnampandisha kila joto linalofuata, hana hata mwaka mmoja wa kupumzika. Mnampandisha kwa kaka yake ili, mnasema, mbegu ya Kijerumani isichafuliwe, kisha mnashangaa watoto wanapozaliwa dhaifu. Wakifikisha wiki nne mnawatia kwenye boksi na kuwapeleka stendi, ilhali walihitaji wiki nane kwa mama yao. Mnunuzi anaondoka na mbwa aliyejaa minyoo, kwa kuwa minyoo mviringo humwingia mtoto wa mbwa angali tumboni mwa mama yake, na dawa yake ilipaswa kuanza wiki ya pili. Na mayai ya minyoo hiyo hayaishii kwa mbwa. Yanabaki mchangani, kwenye mchanga uleule ambao mwanao anauchezea.

Ole wenu kwa kuwa mnaziona dalili na kuzisoma kinyume. Jike anadondosha damu mwezi wa pili sasa, nanyi mnasema yuko kwenye joto. Joto halikai miezi miwili! Mfunueni mtazame: kuna uvimbe kama koliflawa unaotoka damu. Hiyo ni saratani inayohama kwa kupandana, kutoka mbwa hadi mbwa, na kila dume mnayemwachia anaibeba kwenda nyumba nyingine. Inatibika, wengi hupona kwa sindano chache za kila wiki, lakini nani amempeleka kwa daktari?

Tumbo la mwingine limejaa, anakunywa maji bila kukoma, nanyi mnasema ana mimba. Huo ni usaha. Wiki chache baada ya joto kupita, mfuko wake wa uzazi umeoza ndani, naye atakufa mkimsubiri azae.

Wa tatu ananyonyesha watoto saba kwa ugali mtupu. Ghafla anatetemeka, anakakamaa miguu, anahema, macho yamemtoka, na jirani anapiga ukunga: kichaa! Yanakuja marungu. Laiti mngemwita daktari wa mifugo, sindano ya madini ya kalsiamu ingemwinua siku hiyo hiyo, kwa sababu watoto walikuwa wamemnyonya mpaka damu yake ikaishiwa madini hayo.

Hivyo mnamuua mgonjwa asiye na kichaa, na mwenye kichaa kweli mnamwacha apite, kwa kuwa hamumjui ni wa nani. Hapo ndipo dhambi hii inapoingia nyumbani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema kichaa cha mbwa huua watu wapatao 1,500 kila mwaka katika Tanzania, na karibu wote huumwa na mbwa. Wengi ni watoto, wanaotumwa dukani au kisimani. Dalili zikishaanza, mtoto anaogopa maji aliyoyalilia kwa kiu, na karibu hakuna anayerudi kutoka hapo. Wakati wa kumwokoa ulikuwa siku ile ya jeraha: maji na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali bila kulala.

Mnasema, leteni bunduki, leteni sumu. Mmeua mara ngapi, na wameisha? Mnapoua mbwa mtaani mnawaua na waliochanjwa, na nafasi yao inajazwa na vitoto vipya ambavyo havijawahi kuona sindano, kutoka virobani mwenu wenyewe. Dunia imejiwekea kumaliza vifo hivi ifikapo 2030, na njia inajulikana: mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, na wachanjwe tena na tena. Lakini mwenye kuchanja atafikiaje 70 ikiwa kila miezi sita mnamwongezea wasiohesabiwa?

Mnasema, kuhasi ni kumwonea mnyama. Ninyi? Ninyi mnaohasi dume la ng'ombe likawa maksai, mkalifunga jembe, na hakuna aliyelia? Mnasema mbwa aliyehasiwa halindi. Analinda. Tena hakimbii usiku kufuata jike wa mtaa wa tatu na kuliacha lango lako wazi.

Basi hesabuni, kama mnavyohesabu giza la dagaa. Jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka. Siku kama 9 za kwanza hutoka damu na kuwakataa madume. Siku kama 9 zinazofuata damu hufifia, naye hukubali. Mfungie wiki tatu nzima, maana mbegu za dume huishi siku kadhaa ndani yake na uzao mmoja waweza kuwa na baba wawili. Akipandwa kwa hiari yako, mimba ni siku zipatazo 63. Haya si mambo ya jana. Zaidi ya miaka 200 iliyopita padri Mwitaliano, Lazzaro Spallanzani, alimtilia jike mbegu kwa mkono wake, akahesabu, na siku ya 62 wakazaliwa watoto watatu. Yeye alihesabu kwa kalamu ya manyoya. Ninyi mna simu mfukoni.

Mjue na saa ya kuzaa: akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, mwiteni daktari, msimwite mganga. Watoto wanyonye maziwa ya kwanza siku ileile. Jike asiyekusudiwa kuzaa afungwe kizazi. Kila mbwa achanjwe kila mwaka, na bwana mifugo wa kata aulizwe maswali mpaka achoke, kwa kuwa hiyo ni kazi yake na hiyo ni haki yenu. Na kiroba cha gizani kikome. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini hata isingekuwepo, mkono unaofunga mdomo wa kile kiroba unajua unachofanya.

Yule jike aliyepandwa wiki hii pale mwaloni, mbele ya macho yenu na vicheko vyenu, siku zake zimeshaanza. Atazaa mwezi wa dagaa wa pili kutoka sasa. Mwenye jike huyo yupo, ananisikia, na hadi siku hiyo ana muda wa kutosha kuamua kama atafungua banda au atatafuta kiroba.