Mashahidi wa Ukoo Mmoja

Otto Benesch hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliongoza jumba la Albertina mjini Vienna, na kati ya 1954 na 1957 alitoa orodha ya michoro ya Rembrandt katika majuzuu sita, michoro takriban 1,400. Orodha ya Peter Schatborn ya mwaka 2019 ina kama 700.

Iliyobaki haikuungua. Mingi walirudishiwa waliodhaniwa kuichora: Ferdinand Bol, Govert Flinck, Willem Drost na wenzao waliopita mikononi mwa Rembrandt. Mazoezi yao yalikuwa visa vya Biblia: Ibrahimu akimfukuza Hajiri, Tobia na malaika. Mwalimu anachora, vijana wananakili au wanakibuni kisa upya, kwa kalamu na wino wa kahawia kama wake. Saini yake kwenye michoro ni nadra.

Hapo ndipo penye mtego. Mchoro unafanana na mwingine unaoaminiwa, unapokelewa. Kesho yake nao unasimama kuutetea wa tatu. Ndugu anamshuhudia ndugu, jirani haulizwi. Pakionekana mkono mlegevu, mtu hujiambia kwamba siku hiyo bwana alikuwa na haraka. Jicho kali halimwokoi mtu hapa. Pengine humponza, maana huona mfanano kila mahali.

Wataalamu waliofuata walianza na michache yenye ushahidi wa nje: yenye saini, yenye mwandiko wa Rembrandt, au iliyoandaliwa kwa ajili ya picha yake inayojulikana. Kisha, na hili ndilo lililochelewa mno, wakawatendea wanafunzi vivyo hivyo. Bol naye ana picha zake na michoro ya kuziandaa, kwa hiyo ana mkono wa kulinganishwa nao.

Kati ya wanafunzi hao, Constantijn van Renesse ametusaidia kuliko wote. Nyuma ya mchoro wake wa Danieli katika tundu la simba, uliopo Rotterdam, aliandika kwamba alimwonyesha Rembrandt tarehe 1 Oktoba 1649. Mwingine upo Berlin, malaika akimpasha Maria habari. Mistari ya Renesse ni ya uangalifu, ya kijana anayeogopa kukosea. Juu yake imepita mistari minene ya mwalimu, ikimkuza malaika hadi akajaa chumbani. Anayetaka kumwondolea Rembrandt kila mstari wa ovyo na autazame mchoro huo: ile minene, isiyojali unadhifu, ndiyo yake.