Kushuka Hadi Kwenye Mkwaruzo

Gari likishinda juani Mombasa au Dar es Salaam mwaka baada ya mwaka, likirushiwa chumvi na upepo wa bahari, rangi yake hupauka. Mwenyewe husema rangi imekufa, na akifika kwa fundi huomba mng'aro urudishwe, kana kwamba ulitoka ukaenda safari. Lakini mng'aro haukuwa kitu hata uondoke. Ni tabia ya uso ulio laini: mwanga ukiuangukia huondoka pamoja kwa upande mmoja, na jicho likaona mawingu na minazi ndani ya boneti. Uso ukijaa mikwaruzo midogo, mwanga uleule hutawanyika ovyo na kinachobaki ni weupe kama wa ukungu. Fundi apigapo polishi haongezi chochote, anakula. Juu ya rangi ya gari la kisasa pana tabaka angavu ambalo gereji huliita klia, unene wake kiasi cha mikroni 40 au 50, haufiki hata unene wa unywele wa kawaida. Polishi ni msasa uliosagwa ukawa uji, na kila inapopitishwa huondoa mikroni moja, mbili, tatu. Mkwaruzo wenyewe haujazwi wala hauinuliwi. Ni pande zote zinazouzunguka ndizo zinazoshushwa mpaka zilingane na kina chake. Hapo mkwaruzo hukosa kingo, na kisicho na kingo si mkwaruzo tena.

Kazi hii ya gereji inagusa swali ambalo dini imelibeba muda mrefu: mtu aliyefifia kwa makosa hurudi vipi? Aya ya 14 ya Sura ya Al-Mutaffifin inataja kutu iliyofunika mioyo kwa sababu ya yale watu waliyokuwa wakiyachuma, na masufi wakaushika moyo kama kioo cha kusuguliwa. Msikilizaji wa leo akisikia kioo hufikiria cha dukani, kinachotaka kitambaa tu. Kioo cha zama zile kilikuwa bamba la madini, kikififia kila mara na kusuguliwa kila mara. Mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia mashindano ya wachoraji wa Rum na wa China mbele ya mfalme. Wa Rum waliujaza ukuta wao rangi. Wa China waliusugua tu wa kwao. Pazia lilipoondolewa, michoro yote ya upande wa pili ilionekana ndani ya ukuta uliosuguliwa, mizuri kuliko ilikotoka. (Mshairi Rumi alipokuja kukisimulia kisa hicho alibadilisha zamu, wa China wakawa ndio wachoraji, hoja haikutikisika.) Kisa hicho husimuliwa kusifu usafi wa moyo, na ni sawa. Ila kinanyamazia gharama. Ukuta ule ulisuguliwa ukapungua, na unga wake ulianguka sakafuni mahali ambapo mfalme hakutazama.

Gharama hiyo ndiyo ninayoona imesahaulika katika mazungumzo yetu ya toba. Aliyekosa hupenda kosa lake lifukiwe: atoe mchango mnono kwenye harambee ya msikiti au kanisa, anunue kanzu mpya, aongeze ibada juu ya ibada, mpaka shimo lijae na uso uwe sawasawa bila yeye kushuka hata kidogo. Sheria ya Kiislamu haikumruhusu njia hiyo ya mkato. Kosa likigusa haki ya mja, majuto na dua havitoshi. Mali irudishwe kwa mwenyewe, aliyedhulumiwa aombwe radhi. Kurudisha na kuomba radhi ni kushuka. Ni kukubali kusimama pale pale kosa lilipo, na kuiteremsha heshima yote iliyolizunguka mpaka ifike chini yake. Msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani, ulikuwa mti ambao majani yake makali yalilainishia mbao, na hakuna seremala aliyedhani kwamba jani lile lingemwachia ubao wake na unene uleule.

Atasimama mtu aseme kwamba mng'aro wowote ni ulaghai. Gari lisuguliwe vipi, injini ni ileile, na wahenga walishaonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Pingamizi hili lina uzito, maana soko la magari yaliyokwisha tumika linaujua ulaghai huo vizuri. Zipo polishi zilizojaa mafuta na nta, ambazo hulala ndani ya mikwaruzo na kuifanya isionekane; gari hung'aa siku ya kuuzwa, kisha likioshwa mara chache ukungu unarudi wote. Hilo si jipya. Mtume alikataza mfugaji kumwacha mnyama bila kumkama siku kadhaa kabla ya mauzo ili kiwele kivimbe, na mnunuzi aliyedanganyika akapewa siku tatu za kumrudisha pamoja na pishi moja ya tende. Lakini tazama kinachokatazwa. Mnyama mwenye kiwele kikubwa hana kosa lolote. Kosa ni kiwele kilichojazwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Basi methali ya mkakasi haikemei mng'aro wote, inakemea ule wa kujaza. Kwa jicho mng'aro wa kujaza na wa kupunguza hufanana, ila wa pili mvua haiuoshi ikaondoka nao, kwa sababu hakuna kilichopakwa cha kuondoka. Wala sioni kuwa ni sadfa kwamba aya ya kutu ya moyo imo katika sura iliyopewa jina la wanaopunja vipimo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Klia huisha. Gari likipigwa polishi mara nyingi, tabaka hukonda, kinga yake dhidi ya jua hupungua, na mwisho hubanduka mabaka mabaka. Hapo hakuna polishi tena, ni kupaka rangi upya. Lakini rehema ya Mungu haina mikroni. Ni kweli, na hapa mfano unachechemea. Hata hivyo kinachokonda katika mfano huu ni uso wa gari, siyo mkono wa fundi. Rehema haipungui, anayepungua ni yule anayesuguliwa, na mtu akikosa vilevile kila wiki kwa kutegemea kusuguliwa Ijumaa au Jumapili, kila toba humkuta akiwa na haya kidogo kuliko toba iliyopita. Mafundi wanajua pia kwamba mikwaruzo mingi huletwa na uoshaji wenyewe: kitambaa kilekile, ndoo ileile yenye mchanga chini, mkono wenye haraka. Ibada nayo inaweza kukwaruza, hasa ile inayofanywa kwa kumtazama jirani.

Yapo pia makosa ambayo kushuka hakuyafikii. Fundi hupitisha ukucha juu ya mkwaruzo, na ukucha ukinasa anajua umezama mno. Kuufuata hadi chini ni kulimaliza tabaka lote, kwa hiyo huzilainisha kingo zake na kuuacha. Kisha hutokea jambo linalowakera wateja wengi: baada ya polishi, mkwaruzo ule huonekana wazi kuliko kabla. Ukungu uliokuwa ukiuficha umeondoka, na sasa mstari umelala peke yake katikati ya boneti inayoakisi mbingu. Fundi mwaminifu humwambia mwenye gari hivyo kabla hajawasha mashine.