Tafakuri ya Ramadhani 11: Na Baba Yao Yuko Wapi?



Wengi mmeliona lile tenki la kioo sebuleni kwangu. Humo nafuga samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Nyasa, jamaa wa perege. Siku chache kabla ya mwezi kuandama, jike mmoja akaanza kususa chakula. Namwagia, wenzake wanagombania, yeye kajibanza nyuma ya jiwe, taya limemvimba. Si mgonjwa. Mayai yake yamo mdomoni. Samaki hawa jike akishataga anayaokota mayai na kukaa nayo wiki tatu hivi, mpaka watoto watoke wakijua kuogelea. Muda wote huo hali, au anadokoa kidogo sana. Nimewakataza wanangu kugonga kioo, maana akishtuka anaweza kuyameza. Mpaka leo hajawatema, na tumbo limeshaingia ndani.

Nikaona nimepata darsa. Juzi baada ya Alasiri nikawasimulia kina mama, nikaunganisha na ile hadithi ya sehemu mia za rehema, na mnyama anayeinua kwato asimkanyage mwanawe. Bibi mmoja akauliza, "Sheikh, na baba yao yuko wapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini jibu nilikuwa nalo: dume akishamaliza anarudi kufukuzana na majike wengine, na mtoto akipita mbele yake atamla.

Ziwa Tanganyika wapo samaki wa miambani ambao mama akibeba siku kadhaa, humhamishia baba mdomoni naye abebe. Ningeweza kumjibu bibi kwa hao, ila ingekuwa kukwepa. Hatuchukui sheria kwa samaki. Dume wa Nyasa halaumiwi, wa Tanganyika halipwi thawabu, na hata njaa ya yule jike si swaumu, maana hakutia nia. Sisi ndio tunaotia nia kila usiku. Anayeweza kubaki na anayeweza kuondoka ndiye anayeulizwa, basi swali la bibi ni letu peke yetu.

Niseme linaloniuma. Kuna ndugu aliyeachana na mkewe, watoto wako kwa mama yao, hatumi kitu. Jina na mji nimeficha. Ukidhani unamjua, nyamaza, tumefunga. Mwaka jana alileta kiroba cha sukari ya futari. Nikapokea, nikamwombea dua mbele ya safu, na nilikuwa najua. Sadaka ile ni sunna, matumizi ya wanao ni wajibu. Hilo nililisoma madrasa nikiwa mtoto. Nilinyamaza kwa sababu sukari ilikuwa imepanda bei.

Mwaka huu kaleta tena. Nimemwambia faragha, "Ndugu yangu, kianzie kwa wanao." Hajanijibu. Kiroba kipo nyuma ya mlango wa madrasa, hakijafunguliwa.

Kwa hiyo uji wa leo utakuwa na sukari kidogo, mtuwie radhi. Mwenye nayo aje nayo kabla ya Magharibi.