Mgomba Una Umri Gani?

Mwulize mkulima wa Masaka umri wa ng'ombe wake, atakutajia. Mwulize umri wa mgomba wake, naye itabidi akuulize unamaanisha upi. Huu uliobeba mkungu pengine haujafika miaka miwili, na mkungu ukikatwa nao utaangushwa. Shina lote pamoja na machipukizi yake huenda lilipandwa na baba yake. Na ule ukoo wenyewe, uliotoka kwa jirani ambaye naye aliupata kwa wakwe zake, mwanzo wake umepita kumbukumbu ya kijiji. Majibu yote matatu ni ya kweli. Basi kitu kinachochipuka daima kutoka mwili uleule, je, kinaishi muda mrefu au kinarudiwa tu?

Chanzo cha jambo hili kimo katika kromosomu. Migomba mwitu ina kromosomu 22, yaani seti mbili za 11, kutoka kwa mama na baba. Matoke yetu yana 33. Mmea unapoandaa mbegu, kromosomu hupangana mbili mbili kabla ya kugawanywa. Seti ya tatu hukosa wa kupangana naye, hesabu huharibika, na uzazi karibu wote hukwama. Ndiyo maana tunakula ndizi bila kutema kokwa. Mlango wa mbegu ukifungwa, unabaki ule wa machipukizi.

Wanabiolojia wameona tangu zamani kwamba mimea yenye seti za ziada mara nyingi ndiyo pia inayojieneza bila mbegu. Lakini kipi kilitangulia? Huenda utasa ulisalimisha ile tu iliyoweza kuchipuka, mingine ikafa bila mtoto. Au huenda mmea unaochipuka hudumu kiasi kwamba ajali ya kromosomu ikitokea haipotei upesi. Kwangu maelezo haya mawili hayagombani. Kosa ni kudhani seti za ziada ni dawa ya maisha marefu: ngano ya mkate ina seti sita, na hufa ndani ya mwaka.

Katika jimbo la Utah, Marekani, kuna msitu uitwao Pando: mashina kama 47,000 kwenye hekta 43, yote mti mmoja uliotokana na mzizi mmoja, nao una seti tatu. John Locke aliandika katika karne ya 17 kwamba mmea hubaki uleule mradi sehemu zake zinashiriki uhai mmoja. Kwa kipimo hicho Pando ni mzee mmoja. Mgomba je? Nikikata chipukizi nikalipeleka kwa shangazi kule Mbarara, uhai haushirikiwi tena. Zimebaki kromosomu, na hata hizo hazikutulia. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, za kupika na za pombe, zimetokana na mzazi mmoja. Tofauti zake zilijijenga polepole, mkulima akiona chipukizi geni na kulitunza.

Udugu huo una gharama. Sigatoka nyeusi hukausha majani, na matoke yote ni dhaifu mbele yake. Watafiti wa NARO huko Kawanda, pamoja na IITA, walitafuta matoke machache yanayoweza kutoa mbegu moja moja, wakayachavusha kwa mgomba mwitu, wakapata mimea ya seti nne, kisha wakaizalisha tena mpaka seti tatu. Migomba hiyo inaitwa NARITA. Wapo wazee wanaosema hayo si matoke.

Siwacheki, maana ladha nayo ni urithi. Ila walichorithi hakikuwa kitu kisichobadilika. Kilikuwa mikono iliyochagua. Kwa hiyo sioni dhambi kupanda mgomba mpya sehemu kubwa ya shamba. Ninachokiona kizito ni ule mstari wa migomba ya babu pembeni. Mti wa mbegu unaweza kujiotea wenyewe hata shamba likiachwa. Huu hauna mbegu ya kurudia. Kila mwaka mtu apunguze machipukizi, amwage samadi, ahamishe moja kabla shina halijachoka, na wajukuu karibu wote wako Kampala.